Migomba Kati ya Nyumba Mbili

Siku tuliyokwenda kununua ile ruta ya mtandao, mwenye duka alituuliza swali moja la maana, na sisi tukamjibu kama watu wa mlimani wanavyojibu. Alituuliza kuna nini kati ya nyumba ya kwanza na nyumba ya pili. Mwanangu mkubwa akasema hakuna kitu, ni migomba tu.

Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, na nilisikia. Sikumsahihisha, maana kweli hakukuwa na kitu. Hakuna ukuta, hakuna barabara, hakuna nyumba ya mtu mwingine. Kwetu migomba haihesabiwi kuwa kitu kilichosimama katikati. Mtu akikuuliza uko wapi, ukamwambia niko mgombani, maana yake uko nyumbani.

Nyumba zetu ni mbili. Ya chini aliijenga mume wangu tulipooana, karibu na korongo, matofali ya kuchoma na bati, na mlango unaotazama juu mlimani. Ya juu aliijenga mwanangu miaka ya karibuni, karibu na barabara, ina vigae sakafuni na jiko la ndani. Ukitoka moja kwenda nyingine unapita shambani, kinjia chembamba, unainama majani yasikupige usoni.

Zamani shamba lile lilikuwa la kahawa, na migomba michache ya kuipa kivuli. Kahawa ilikuwa ya chama cha ushirika, unapeleka, unangoja, malipo yanakuja yanapokuja. Halafu soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na gari lake, wanatufuata mpaka mlangoni. Msimu wa kwanza tulifurahi sana. Misimu iliyofuata bei ikaanguka, na dawa za kahawa ambazo zamani tulipewa kwa mkopo, sasa kila mtu ajitafutie. Mume wangu alivumilia kuliko wenzake. Lakini asubuhi moja alichukua jembe na shoka, akang'oa mibuni aliyoipanda baba yake. Kutwa nzima chakula hakula.

Kila shimo lililobaki alilipanda mgomba. Kitinda mimba wetu, msichana, alikuwa bado shule ya msingi. Ndiye aliyembebea machipukizi kutoka kwa jirani, anayabeba kichwani na sare ya shule mwilini, tope linamchuruzika shingoni. Baba yake anachimba, yeye anashikilia chipukizi lisimame wima, baba anafukia. Walipanda kwa kubananisha. Nilimwambia mume wangu anabananisha mno, akanijibu kwamba shamba lilishamdanganya mara moja, sasa analijaza mpaka likose pa kumdanganyia. Baada ya muda ukisimama mlangoni kwetu huoni tena barabara, unaona kijani tu.

Ndizi zile tuliziuza sokoni Tengeru, na ndizo zilizomsomesha yule msichana mpaka akawa muuguzi. Akapata kazi nchi za baridi, huko wanakotunziwa wazee wao kwenye majumba makubwa. Yeye anawaosha, anawalisha, anawageuza. Wakati baba yake alipoanguka, makaratasi yake ya kuishi kule yalikuwa hayajakamilika. Akitoka, harudi. Na sisi tuliokuwa huku wengi tulikuwa tukila kwa mkono wake. Kwa hiyo hakuja, na sitaki mtu amseme kwa hilo.

Mume wangu alianguka shambani, kiharusi. Tulipomrudisha kutoka hospitali, upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Lilibaki "haya." Ukimpa uji, haya. Ukimwumiza wakati wa kumgeuza, haya. Mchungaji akimaliza kuomba, haya. Mimi niliyeishi naye nilijua ipi ni ipi, kwa macho yake na kwa kona ya mdomo ya upande mzima. Mtu aliyesikia sauti tu asingejua.

Mwanangu alitaka baba yake akae nyumba ya juu, kwenye vigae, karibu na bomba. Lakini mzee wa kwetu haugulii kwa mkwewe. Mke wa mwanangu ni mwanamke mwema, anamheshimu mkwewe kiasi kwamba hajawahi kupita mbele yake akiwa amelala. Leo amfulie mashuka? Aone tunamwosha? Tulipomwinua kumpeleka juu, mume wangu alishika mwimo wa mlango wake kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amebaki mifupa, lakini wanaume wawili hawakuweza kumbandua. Tukamrudisha kitandani kwake.

Basi shida ikawa hiyo. Binti yetu alitaka kumwona baba yake. Kwa macho. Alisema yeye anajua magonjwa haya, anajua yanaishia wapi, na hataki kusubiri. Na kule bondeni simu haishiki. Mnara uko upande wa mjini, mwinuko unaukinga. Simu zilishika nyumba ya juu tu, kwenye dirisha la jikoni. Mwanangu akasema ipo dawa. Anaweka ruta yenye laini pale dirishani, yenyewe inavuta mtandao kutoka mnarani, kisha inautawanya hewani mpaka nyumba ya chini. Dada yake akatuma tableti kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani. Tukaenda Ngarenaro kutafuta ruta.

Lile duka limebanwa kati ya fundi wa kuchomelea vyuma na fundi wa redio. Mwenyewe ni mwanamke wa Kilimanjaro, mnene, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alinipa shikamoo kabla sijavuka kizingiti. Nikamwitikia, na nikamwambia mapema kabisa kwamba nawajua ninyi Wachaga, usituuzie kitu kwa sababu tu umeona tumeshuka mlimani.

"Bibi, hata mimi nimeshuka mlimani," akasema. "Tena wangu ndio mrefu."

Nikacheka, sikupenda lakini nikacheka.

Akatoa mbili, akaziweka mezani. Moja kubwa ya siku nyingi, ina antena mbili kama pembe za beberu. Nyingine mpya, nyembamba. Akaeleza, na mwanangu anaitikia kana kwamba alikuwa anajua. Alisema waifai zina masafa mawili. Kuna ya mbili nukta nne, na kuna ya tano. Nikamwuliza kama tano si ndiyo kubwa. Akasema namba ni kubwa, ndiyo, lakini hapa namba kubwa si mwendo mrefu. Ile ya mbili inakwenda mbali na inapenya kuta, ila haibebi mengi, tena imejaa watu, kila chombo kinasemea humo humo. Ya tano inabeba mengi kwa haraka, picha inatulia kama televisheni, lakini inachoka mapema na haipendi vizuizi.

Hapo nikamwelewa. Kwaya yetu ya kanisani ikifanya mazoezi jioni, mimi huku bondeni nasikia besi peke yake. Wanaume wanaunguruma, wimbo wote unakuwa wa wanaume. Soprano, ambao ndio wanaobeba maneno, wanaishia njiani. Nikawaambia hivyo. Yule mwanamke akaniangalia, akamwambia mwanangu, "Mama yako angeweza kuniuzia hapa dukani."

Halafu akaja kwenye herufi. Kila toleo la hii waifai lina herufi yake. Kulikuwa na b, ikaja g, ikaja n, sasa imekuja ac. Kila mpya ina kasi kuliko iliyotangulia. Hiyo ruta kubwa inaishia n, na masafa yake ni ya mbili nukta nne tu. Nyembamba inajua yote, masafa yote mawili na herufi zote, kwa hiyo hata ukiwa na kompyuta ya kizee itasikilizana nayo.

Mwanangu akasema sisi tunataka picha. Sauti pekee haitusaidii, mzee hana maneno. Mtu lazima amwone usoni.

"Basi ni hii mpya, na mtumie ya tano," akasema mwenye duka. "Umbali gani?"

Mwanangu akaonyesha kwa kidole kutoka dukani mpaka kwenye kona ya barabara.

"Kuta ngapi katikati?"

"Hakuna ukuta. Ni migomba tu."

"Migomba tu?" Akafunga boksi. "Basi hewa tupu hiyo."

Na yeye alizaliwa mgombani kama sisi.

Jioni ile mwanangu aliifunga kwenye dirisha la jikoni. Iliwaka taa za kijani. Binti yetu akapigiwa, akatokea. Nilikuwa sijamwona anavyotembeza macho tangu aondoke, nilikuwa na picha zake za kubandika ukutani tu. Amekonda. Amekata nywele. Nyuma yake dirisha jeusi, kule ni majira ya baridi, kumeshaingia giza, na huku jua bado lipo. Akanisalimia, akamsalimia kaka yake, akamtania wifi yake kwamba amenenepa kwa chipsi za mjini. Halafu akasema, "Nipelekeni kwa baba."

Nilimbeba mimi. Niliishika ile tableti kwa mikono miwili kama sinia, nikashuka kinjia, mwanangu nyuma yangu. Yeye anaongea, anauliza ule mgomba wa ndizi mshale bado upo, lile bomba la mfereji lilitengenezwa. Tulipoingia chini ya majani ya kwanza sauti ikakwaruza. Tulipofika katikati uso wake ukasimama. Mdomo ulikuwa wazi, jicho moja limefumba nusu, kama mtu anayetaka kupiga chafya.

Mwanangu akasema tuendelee, labda ndani itashika. Tukaingia. Mume wangu alikuwa ameinuliwa kwa mito, nilikuwa nimemvisha shati la kanisani. Nikamwekea tableti kifuani. Akaiangalia sana. Akanyanyua mkono wa kushoto, akamgusa binti yake shavuni, kioo kikaandika maneno ambayo sijui yalisema nini, na uso ukapotea. Akaniangalia. Hakusema hata lile neno lake moja.

Mwanangu alijaribu kila namna. Aliigeuza ruta, aliipandisha juu ya kabati, alisimama mlangoni kwetu ameinyanyua tableti juu ya kichwa. Mwishowe akapanda kwake, akampigia mwenye duka. Alivyonieleza, yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba migomba ni maji. Shina la mgomba ukilikata linachuruzika mpaka kesho yake. Jani lake nalo ni maji. Yale masafa ya tano yanaingia humo hayatoki. Akasema nimekulia humo na sikufikiri, nisamehe kaka. Sikuona cha kumsamehe. Ni nani angefikiri? Shina tunamkatia ng'ombe wakati wa kiangazi anapokosa maji, sote tunajua limejaa maji, na hakuna aliyelitaja.

Akampa mwanangu njia mbili. Moja, akate migomba kwa mstari mmoja ulionyooka, kutoka dirisha la jikoni mpaka mlango wetu, ili ruta imwone mzee uso kwa uso. Ya pili, afunge ya tano, abaki na ya mbili nukta nne, tena aishushe kwenye toleo la kizee kabisa, lile la polepole. Hilo linaweza kupenya. Lakini litabeba sauti tu, picha lisahau.

Mwanangu hakuniuliza. Alikuwa ameshamsikia dada yake analia. Kesho yake mchana alichukua panga.

Ni lazima nieleze hapa, kwa wasiokuwa wa kwetu. Sisi tunazikana mgombani. Mwenye shamba akifa, kazi ya kwanza ya wanaume, kabla ya jembe, ni kukata migomba mahali atakapolala, na majani yake yanatandikwa watu wakalie. Panga la kuvuna lina sauti yake. Pigo moja, mgomba unaanguka, kimya, mtu anabeba mkungu wake. Panga la kufyeka ni jingine, linafuatana, pigo juu ya pigo. Na kwenye shamba la mzee aliye kitandani hakuna mtu anayefyeka. Kila mtu anajua. Mwanangu pia anajua, lakini alikuwa anawaza mstari wake.

Mimi nilikuwa namlisha mume wangu ndizi zilizopondwa. Tukasikia panga. Pigo la kwanza, la pili, yakafuatana. Nikaona ameacha kutafuna. Kabla sijasimama, jirani yetu ng'ambo ya mfereji, mwanamke tuliyelea naye watoto, akapaza kilio. Alikuwa amesikia panga, akajua mzee amekufa. Alikuja mbio kwa kinjia cha mfereji, kanga kichwani, analia akimtaja mume wangu, anataja alivyomsaidia mwaka wa njaa, anataja upole wake, anauliza sasa nani atagawa zamu za maji ya mfereji. Alilia vizuri, kwa moyo. Na mume wangu aliyasikia yote, kitandani, na ndizi mdomoni.

Akanishika kifundo cha mkono. Akasema, "Haya."

Nilizijua haya zake zote. Hiyo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa twende, akakubali.

Nilitoka nje. Mwanangu alikuwa na jasho, mashina matatu au manne yamelala, maji yanatiririka kwenye viatu vyake.

"Weka panga," nikamwambia.

"Mama, ni kwa ajili ya dada."

"Najua ni kwa ajili ya nani. Weka."

"Bila hivi hatamwona kabisa."

"Baba yako amesikia analiliwa," nikasema. "Ukipiga tena, utamzika kwa mkono wako."

Akaangalia mlangoni, akamwona jirani amesimama, kanga imemwanguka, amejiziba mdomo kwa kiganja. Panga likamtoka. Akakaa chini palepale kwenye tope, mtu mzima, na suruali ya ofisini.

Jirani yetu aliingia ndani akamwomba mume wangu radhi, akamwambia shemeji nimekulilia mapema, nimejipunguzia kazi ya mbele. Kona ya mdomo ikasogea. Akatoka, akasimama juu ya yale mashina, akajipangusa macho. "Basi haya majani niyachukue," akasema, "ng'ombe wangu hajala tangu asubuhi." Akayafunga, akaenda nayo.

Tukabaki na njia ya pili.

Binti yangu alipoambiwa, alinikasirikia. Aliniambia kwa simu, nikiwa nimesimama dirishani kwa kaka yake, "Mama, migomba inaota tena." Nikamwambia ungekuwepo ungesikia kile kilio. Mpaka leo nadhani hilo neno, ungekuwepo, ndilo lililomnyamazisha, wala silo nililokusudia.

Mwanangu akaishusha ruta kwenye toleo la kizee, akaziba ile ya tano. Na kweli, sauti ikafika. Iliingia bondeni nyembamba, inachelewa, inarudi nyuma kama mtu anayejikwaa, lakini ilifika mpaka kitandani. Tukagundua kitu kingine. Kila mke wa mwanangu alipopasha chakula kwenye oveni yake ya maikrowevu, binti yetu alikatika. Mwanangu akasema ni kweli, oveni inasemea masafa yaleyale. Nikatuma neno juu kwamba saa ya baba yao kuongea, wale kiporo cha baridi. Walikula baridi, na hakuna aliyelalamika.

Alipiga kila alipotoka kazini. Tableti naiweka kwenye mto karibu na sikio zima. Anamsimulia theluji, wazee anaowaosha, kuna mmoja anamwita kwa jina la binti yake naye anaitika tu. Baba anasema haya. Kisha ananiuliza mimi.

"Mama, anafanya nini sasa?"

"Anaangalia dari."

"Amechoka?"

"Hapana. Anakusikiliza. Akichoka hufumba macho."

"Na sasa?"

"Bado anaangalia."

Ndivyo tulivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa picha. Mtu wa kusema machache kama mimi, nikalazimika kumtangaza mume wangu kama wanavyotangaza mpira redioni. Amegeuza shingo. Amemeza. Mkono wa kushoto uko juu ya blanketi, vidole vinachezacheza. Binti anauliza rangi ya ngozi, anauliza miguu imevimba au la, anauliza kiuguzi, na mimi najibu, na nasikia anavyojizuia. Sikumwambia ana nafuu pale alipokuwa hana. Aliniomba nisimpambie, na hata angeniomba nimpambie nisingeweza.

Mara ya mwisho alimkumbusha yale machipukizi. Akasema, baba, unakumbuka nilipolishika moja kichwa chini, ukanifokea kwamba mizizi hainywi mvua ya mawinguni? Mume wangu akasema haya. Akasema, baba, mimi huku hakuna hata mgomba mmoja, zipo ndizi dukani, zimenyooka zote. Haya. Kisha nasikia pumzi zake tu zikikwaruza kwenye tableti, na mvua imeanza kupiga bati.

"Mama, anacheka au analia?"

Nilimwangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Upande mzima unacheka," nikamwambia. "Ule mwingine haufanyi kitu. Machozi yanatoka pande zote mbili."

Akasema asante. Mvua ikazidi, sauti ikapotea.

Mume wangu alikufa siku hiyohiyo ya masika kabla giza halijaingia. Asubuhi yake wanaume walikuja na mapanga, na safari hii sikutoka kumzuia mtu. Mahali alishapaonyesha tangu akiwa mzima, katikati ya nyumba mbili, palepale walipoanzia kupanda yeye na binti yake. Walikata panapotosha kaburi. Wakakata tena pa kupitisha jeneza kutoka mlangoni kwetu. Wakakata pa kukaa watu, na njia ya kushukia kutoka barabarani, maana msiba ulikuwa mkubwa. Jirani yetu akaja, akalia tena. Safari hii alilia kidogo. Aliniambia kile kilio kikubwa alishakitumia.

Niliporudi kusimama mlangoni, niliona dirisha la jiko la mwanangu. Lilikuwa wazi mbele yangu, na kitambaa chake cha maua. Sikuwa nimewahi kuliona kutoka pale.

Mwanangu naye aliona. Alipanda kwake, akakaa kidogo, akarudi na kiti cha jikoni na tableti, akaisimamisha kwenye kiti karibu na kaburi, akampa mtu mwavuli aifunike. Alikuwa amefungua ile ya tano. Binti yetu akatokea. Hakukwaruza, hakusimama. Ulikuwa uso wake mzima, kila unywele, kila chozi lilipopita. Na yeye akatuona sote. Aliona jeneza, aliona udongo mwekundu, aliona mchungaji anavyofuta miwani, aliona masale, yale majani marefu ya makaburi yetu, yakipandwa kichwani pa kaburi.

"Mama," akasema, "inaonekana vizuri."

Nilitazama chini mpaka walipomaliza kufukia.

Baada ya msiba tulizoea kuonana pale mlangoni. Nakaa kwenye kigoda, yeye yupo mbele yangu, na nyuma ya tableti naliona kaburi. Tulionana hivyo kiangazi chote. Lakini mgomba ukikatwa haufi. Mvua za vuli ziliponyesha, machipukizi yakachomoza pande zote za kaburi, yamekunjwa kama mashuka yaliyokamuliwa. Mwanangu akasema ayang'oe mapema, kabla hayajaziba mstari. Akasema mama, vinginevyo utarudi kwenye sauti ya kukwaruza.

Nikamwambia aache. Hakubisha. Panga lenyewe alikuwa halishiki tena kirahisi.

Nikampa habari binti yangu. Aliniuliza yamefika wapi. Nikamwambia kiunoni. Akasema bado nakuona, mama, nywele zako zimekuwa nyeupe. Baadaye nikamwambia yamefika kifuani, akasema uso wako unakatika vipandevipande. Yakanipita kimo. Dirisha lenye kitambaa cha maua likapotea kwanza nusu, kisha lote, na mwanangu akairudisha ruta kwenye toleo la kizee bila kuambiwa.

Makaratasi yake bado yanashughulikiwa. Mwezi huu mmoja wa ile migomba umetoa mkungu, ule ulio upande wa kichwa cha baba yake. Nilimwambia alipopiga. Akataka kuuona, akajaribu kuwasha picha, kioo kikaganda rangi ya kijani na hakikusogea. Juu kule mtu alikuwa anapasha chakula, tukangoja oveni izimwe sauti irudi.

"Nieleze basi," akasema.

Nikasogeza kigoda, nikaanza kumweleza. Nikamwambia ua lake bado halijakatwa, ni jekundu, limeelekea chini, na vichane vya juu vimeshaanza kujipinda.